Kitoto Kilichonyimwa Ziwa: Uchambuzi wa Kisa cha Uzao wa Kwanza wa Lulu

Familia hii ilifanya karibu kila kinachotakiwa kabla ya kumpandisha paka wao, na bado ilizika vitoto viwili ndani ya siku mbili. Ndiyo sababu niliwaomba ruhusa ya kukiandika kisa chao. Hapakuwa na uzembe. Palikuwa na swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza, na mimi ni mmoja wa ambao hawakuliuliza, ingawa nimefuga paka wa nasaba kwa miaka mingi na familia ile ilinitegemea kwa ushauri.

Majina ya paka nimeyabadilisha, mji siutaji, na habari zote za kuwatambulisha wahusika nimeziondoa. Uzito, saa na mfululizo wa matukio nimeuacha kama ulivyoandikwa katika daftari la binti wa nyumba. Bila daftari lile nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

## Familia na paka wao

Ni nyumba ya watu watano katika mji mmoja wa pwani: baba, mama, bibi mzaa baba, binti wa miaka 14 na mdogo wake wa kiume wa miaka 8. Paka kwao si biashara. Ni jambo la jioni na la mwisho wa wiki, lililoanza siku mjomba wao anayefanya kazi Ghuba aliporudi likizo na Lulu, jike wa jamii ya British Shorthair, manyoya ya kijivu cha moshi, mashavu yamejaa, macho rangi ya shaba. Alikuja na cheti cha nasaba cha vizazi vinne. Binti alikikariri kile cheti kama mtu anavyokariri ukoo wake mwenyewe.

Walingoja Lulu atimize miaka miwili. Katika kungoja huko walikubaliana mambo matatu, na baba akayaandika na kuyabandika mlangoni mwa friji: hatazaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, hakuna kitoto kitakachotoka nyumbani kabla ya wiki 12, na kila kitoto lazima kipate mtu kabla hawajafikiria uzao mwingine. Nilipoyaona maandishi yale nilijua nina watu wa kufanya nao kazi.

Dume tulimpata ng'ambo ya pili ya mji. Nitamwita Sultani. Paka wote wawili walichanjwa, wakapewa dawa ya minyoo, wakapimwa virusi vya leukemia na UKIMWI wa paka. Tulikwangua mashavu yao kwa pamba na kupeleka sampuli maabara ya nje kutazama jeni ya uvimbe wa figo, kwa sababu British Shorthair walibaki wachache sana baada ya vita vikuu na wafugaji wa Uingereza wakawachanganya na paka wa Kiajemi, ambao ugonjwa huo umewaandama kwa muda mrefu. Majibu yakarudi safi. Moyo wa Sultani ulikuwa umetazamwa kwa altrasaundi. Mkataba wa kupandisha ulikuwa wa ukurasa mmoja: malipo, haki ya kurudia kama mimba haikushika, nani anachagua kitoto. Kundi la damu halikutajwa popote.

## Usiku wa kuzaa

Lulu alizaa siku ya 65 ya mimba, kuanzia baada ya magharibi. Sanduku lilikuwa katika chumba cha bibi, mbali na pilikapilika, limetandikwa taulo za zamani. Vitoto vitano vikatoka ndani ya saa tatu. Binti alivifunga nyuzi laini za rangi shingoni, zikiwa zimelegea, akavipima kwenye mizani ya jikoni na kuandika: Nyekundu gramu 104, Kijani 98, Manjano 95, Nyeupe 101, Bluu 71.

Bluu alikuwa wa mwisho na alikuja amechoka. Wengine walitambaa wenyewe hadi tumboni kwa mama yao na kushika chuchu. Yeye alilala pembeni, mdomo wazi, baridi mkononi. Mama wa nyumba alinipigia simu. Nilimwambia amwongezee joto kwanza kabla ya kumpa chochote, maana kitoto kilichopoa hakimeng'enyi, na maziwa yatakaa tumboni yaharibike. Bibi akamweka kwenye kiboksi cha viatu juu ya chupa ya maji moto iliyoviringishwa kanga. Alipopata uhai kidogo, mama akaanza kumpa maziwa ya unga ya vitoto vya paka kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano, tone baada ya tone, kila saa mbili usiku kucha. Mchana uliofuata akawa bado kwenye kiboksi chake. Alirudishwa kwa Lulu usiku wa pili, zaidi ya saa 26 baada ya kuzaliwa.

Wale wanne walinyonya, watatu wao vizuri sana. Asubuhi ya kwanza daftari linaonyesha Nyekundu ameongeza gramu 6, Nyeupe 5, Kijani 4, Manjano 2. Binti ameandika pembeni, “Alhamdulillahi.”

## Saa 36 zilizofuata

Jioni ya siku hiyohiyo Nyekundu, aliyekuwa mkubwa na mnyonyaji kuliko wote, aliacha ziwa. Alilia kilio chembamba kisichokatika. Kitoto cha umri ule hakiwezi kukojoa chenyewe, mama yake humlamba, na Lulu alikuwa ameshamwacha. Kwa hiyo binti alichukua pamba, akailowesha maji ya uvuguvugu na kumsugua taratibu chini ya mkia. Pamba ikatoka na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Alinipigia picha na kunitumia. “Shikamoo shangazi. Hii ni damu?”

Nilimjibu kwamba huenda ni upungufu wa maji, au maambukizi yameingilia kwenye kitovu. Nikamwambia wampatie joto, wamrudishe kwenye ziwa mara kwa mara, na wavihimize na vile vingine vinyonye sana. Nayaandika haya waziwazi kwa sababu ndiyo yaliyokuwa maneno yangu. Yaliyokuwa yametokea yalikwishatokea, na ushauri wangu wa jioni ile pengine haukubadili kitu. Lakini kama simu ingekuja saa sita baada ya kuzaa ningesema vilevile, na hapo ungeua.

Nyekundu alikufa alfajiri. Kijani akamfuata adhuhuri, naye mkojo wake ulikuwa vilevile. Manjano alipauka, ufizi wake ukawa na umanjano wa nazi kavu, akapoteza gramu 7 kwa siku moja, lakini hakuacha kabisa kunyonya. Nyeupe, ambaye alikuwa amenyonya karibu sawa na Nyekundu, alikuwa mzima na mnene. Na Bluu, yule wa gramu 71 ambaye sote tulimhesabu kuwa ndiye wa kwanza kuondoka, alikuwa amelala kwa mama yake tumbo limejaa.

## Sababu tulizozifikiria

Nyumba yenye msiba huwa na maelezo mengi. Siku ya kwanza jirani alikuwa ameingia kuviona vitoto na kusema vimenenepa, bila kusema mashaallah. Bibi aliona hilo ni jicho na akavisomea. Baba alishuku feni ya dari. Mama, kwa uzoefu wake wa hospitali, alishuku uchafu kwenye kitovu. Mimi nilishuku maambukizi. Hata hivyo Lulu hakuwa na homa, ziwa lake halikuwa gumu wala jekundu, na maziwa yalitoka meupe.

Aliyeliona jambo ni bibi. Alikuwa amekaa na kile kiboksi cha viatu siku nzima, akamwambia mwanawe maneno ambayo binti aliyaandika vilevile: “Huyu aliyenyimwa ziwa ndiye mzima. Waliolipata ndio wanaokufa.” Baba akapinga kwa hoja nzuri kabisa: na Nyeupe je? Nyeupe amenyonya tangu dakika ya kwanza na ndiye mnene kuliko wote. Hoja hiyo iliwazuia wasiyafikirie maziwa kwa karibu siku nzima. Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na jibu lilipaswa kuzitosheleza kweli zote mbili.

## Matone kwenye kigae

Daktari wa mifugo alifika siku ya tatu asubuhi. Aliangalia ufizi wa Manjano, akatazama pamba ambazo mama alikuwa amezihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, kisha akanyoosha mkia wa Manjano kwenye mwanga wa dirisha. Ncha ilikuwa imeanza kuwa nyeusi kama kijiti kilichoungua. Hapo akauliza lile swali: “Lulu ni kundi gani la damu?”

Tukatazamana.

Paka wana makundi makuu mawili, A na B, na la tatu, AB, ambalo ni nadra sana. Majina yanafanana na ya binadamu lakini makundi si yale. Daktari hakuwa na kadi za kupimia siku ile, akatumia njia ya zamani. Alichukua damu kidogo ya Lulu na kuiacha isimame kwenye kichupa hadi maji ya njano yakajitenga juu. Mchana akaenda kumtoa damu Sultani. Jioni aliomba kigae cheupe, kimoja kilichobaki bafu lilipojengwa, akakiweka mezani. Tone la maji ya damu ya Lulu, na pembeni yake tone la damu ya Lulu mwenyewe iliyozimuliwa kwa maji ya chumvi. Akavichanganya na kukiinamisha kigae huku na huku. Mchanganyiko ulibaki laini, mwekundu, kama juisi ya rozela. Kisha maji yaleyale ya Lulu na damu ya Sultani. Kabla hajamaliza kuinamisha mara ya tatu, wekundu ule ulikatika vipandevipande kama maziwa yaliyotiwa ndimu, punje nyekundu zikielea kwenye maji meupe. Yule mtoto wa miaka 8 akasema, “Imeogopa.”

Majibu ya jeni kutoka maabara ya nje yalikuja wiki kadhaa baadaye na kuthibitisha: Lulu ni B, Sultani ni A lakini amebeba B kwa siri. Bluu na Manjano ni A. Nyeupe ni B, kama mama yake.

## Kilichotokea ndani ya miili yao

Paka wa kundi B hukua akiwa na kingamwili, yaani protini za kinga za mwili, kali dhidi ya damu ya A. Hahitaji kuwahi kupewa damu wala kuwahi kuzaa. Anazo tangu akiwa na umri wa miezi michache tu. Kingamwili hizi huingia kwenye dang'a, maziwa yale ya kwanza ambayo sote tunayasifu, na tunayasifu kwa haki. Katika saa 16 hadi 24 za mwanzo utumbo wa kitoto uko wazi na hufyonza kingamwili za mama zikiwa nzima hadi kwenye damu. Ndiyo kinga yake. Lakini kitoto cha A kinapozinyonya za mama wa B, zinaingia na kuzivunja chembe zake nyekundu. Rangi ya chembe zilizovunjika ndiyo ile iliyotoka kwenye pamba. Ncha ya mkia hufa kwa sababu damu inagandamana kwenye mishipa midogo ya mbali. Baada ya siku ya kwanza utumbo unafunga, na maziwa yaleyale ya mama yuleyule hayana madhara tena.

Sasa rudi kwenye daftari, kila mstari unajieleza. Nyekundu na Kijani walikuwa A na walinyonya sana mapema. Manjano alikuwa A na alinyonya kidogo, gramu 2 tu. Nyeupe alikuwa B, kingamwili za mama hazikuwa na la kumfanya. Bluu alikuwa A, na udhaifu wake ndio uliomweka mbali na ziwa hadi mlango ulipofungwa. Bibi alikuwa sahihi, baba alikuwa sahihi.

Mama wa nyumba aliuliza jambo ambalo wasomaji wengi wataliuliza. Yeye ni Rhesus hasi, na alipokuwa mjamzito alidungwa sindano ya kuzuia mwili wake usitengeneze kingamwili dhidi ya damu ya mtoto. Je, ni kitu kilekile? Ni ndugu, lakini si pacha. Kwa binadamu mama hutengeneza kingamwili baada ya damu yake kukutana na ya mtoto, kwa hiyo mimba ya kwanza mara nyingi hupona, na kingamwili hupita kwenye kondo la nyuma wakati mtoto bado yumo tumboni. Kwa paka kingamwili zimekuwepo tangu zamani, kwa hiyo hata uzao wa kwanza unapigwa. Na kwa kuwa kondo la paka hupitisha kidogo sana, kitoto huzaliwa kikiwa na afya kamili. Kinaugua kwa kunyonya. Hilo ndilo linalowapoteza watu: kinapoanza kudhoofika, mkono wa kila mwenye huruma unakisukuma kwenye ziwa.

Kwa nini hawa British Shorthair? Tabia ya B hufichika mbele ya A, inabidi kitoto kirithi B kutoka kwa baba na mama ndipo kiwe B. Katika paka wa mitaani sehemu nyingi za dunia B ni wachache. Lakini jamii ya paka ikianzishwa au ikifufuliwa na wazazi wachache, kilichofichika hukutana na mwenzake mara kwa mara. British Shorthair wana B wengi sana, Devon Rex vilevile; paka wa Siam karibu wote ni A. Sisi wa pwani tuna mfano wa kundi dogo hapa hapa: paka wa Sokoke, ambaye Wagiriama wanamwita khadzonzo, alichukuliwa kutoka kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke mwishoni mwa miaka ya 1970, akapelekwa Denmark miaka ya 1980, na jamii nzima ya huko ikajengwa juu ya paka wachache. Baadaye wafugaji walilazimika kurudi Kilifi kutafuta paka wapya ili kupanua damu. Cheti cha nasaba kinakuambia wazazi ni nani. Idadi ya majina yanayojirudia ndani yake inakuambia kitu kingine, na huwa tunakisoma mara chache.

## Uamuzi wa siku ya tatu

Swali la kwanza lilikuwa kama vitoto vilivyobaki viondolewe kwa Lulu. Baba alitaka viondolewe saa ileile, na ni rahisi kumwelewa. Daktari akakataa: saa za hatari zimekwisha, kuviondoa ni kuvinyima mama bila faida, na kitoto chenye upungufu wa damu kikisumbuliwa kinatumia nguvu isiyo nayo. Manjano aliachwa kwa mama yake, akaongezewa joto na maziwa kidogo ya bomba kila saa tatu. Siku ya nne alisimama kwenye gramu 92, siku ya tano 94, kisha akaendelea. Ncha ya mkia wake ilikauka na kudondoka yenyewe akiwa na wiki mbili. Mtoto wa kiume aliikuta kwenye taulo, akaizika karibu na Nyekundu na Kijani.

## Kupandisha tena, au basi

Kwa miezi kadhaa jibu la baba lilikuwa basi. Alisema hakuleta paka nyumbani ili wanawe wajifunze kuzika. Kumfunga Lulu kizazi lilikuwa chaguo halali kabisa, na nilimwambia hivyo. Sikutaka asikie sauti ya mfugaji anayetaka vitoto zaidi.

Chaguo la pili lilikuwa dume wa B, ambaye vitoto vyake kwa Lulu vyote vingekuwa B na kunyonya bila hofu. Tulitafuta na hatukumpata. La tatu lilikuwa Sultani tena. Kwa kuwa amebeba B, kila kitoto kina nafasi nusu kwa nusu ya kuwa A, na vitakavyokuwa A vitengwe saa 24. Dume ambaye ni A bila kubeba B angekuwa mbaya zaidi, vitoto vyote vingehitaji kutengwa.

Aliyemgeuza baba ni binti, kwa kumwekea mezani ukurasa aliouchora: saa kwa saa, nani atakuwa zamu, kila kitoto kitapimwaje, kitakula nini. Aliomba mara moja tu, na baada yake Lulu afungwe kizazi. Baba alikisoma kile kitu siku mbili kabla ya kujibu. Karibu mwaka mmoja baada ya uzao wa kwanza, Lulu alirudi kwa Sultani.

Mpango ulikuwa na vipande viwili ambavyo naviona vizuri hadi leo. Daktari aligandisha maji ya damu ya Lulu kwenye friza ya kliniki, akamfundisha mama, mwenye mkono wa kazi hizo, kuchukua tone la damu kwenye kitovu cha kitoto kikizaliwa na kulijaribu kwenye kigae. Likikatika, kitoto ni A, kitoke. Likibaki laini, ni B, kibaki na mama yake. Hivyo Lulu asingeachwa mtupu.

Kipande cha pili kilikuwa Chausiku, paka wa mtaani mwenye mistari anayelala kwa jirani. Alikuwa na vitoto vya wiki tatu. Alipimwa virusi, akawa safi. Damu yake ikakatika kwenye maji ya Lulu, maana yake ni A. Maziwa yake hayangeidhuru damu ya A, na yangewapa kinga kidogo ambayo maziwa ya unga hayana. Jirani alikubali kwa masharti kwamba Chausiku alishwe samaki mwezi mzima.

## Uzao wa pili

Lulu aliuvunja mpango tangu mwanzo. Alizaa kitoto cha kwanza usiku wa manane, siku moja kabla ya zamu kuanza, kimya kimya. Mama alipoamka kwa ajili ya tahajudi akakikuta kimekauka na kiko kwenye ziwa, hajui tangu lini. Alikitoa mikono ikitetemeka. Tone likabaki laini. Ni B. Akakirudisha na kukaa chini sakafuni akilia.

Vitatu vilivyofuata vilidakwa kabla ya kunyonya. Viwili vilikatika kwenye kigae, kimoja hakikukatika. Wale wawili wa A wakapelekwa kwa Chausiku wakiwa wamesuguliwa kwa taulo ya vitoto vyake ili wanuke nyumba yake. Mmoja alimpokea na kumlamba. Wa pili alimpiga kofi, mara mbili, na hakukuwa na kumbembeleza; ikarudi kazi ya bomba na kiboksi cha bibi. Saa 24 zilihesabiwa kwa kila kitoto kuanzia kuzaliwa kwake, na mama akaongeza mbili za tahadhari.

Kuwarudisha kulikuwa kugumu kuliko tulivyodhani. Yule wa bomba Lulu alimpokea papo hapo. Yule aliyekuwa kwa Chausiku alimzomea kwa sauti ambayo binti hakuwahi kuisikia kwake. Walimpaka harufu ya matandiko ya Lulu, wakamweka gizani pamoja na ndugu zake Lulu akiwa amelala, na ilipofika asubuhi alikuwa ananyonya katikati ya wenzake. Alikuwa amepoteza gramu 5. Alizirudisha siku iliyofuata. Vyote vinne viliishi.

## Ninavyokipima kisa hiki

Kosa la msingi lilitokea miezi kabla ya kuzaa, siku tulipojaza fomu ya vipimo na kuridhika na urefu wake. Tulipima magonjwa tuliyoyajua kwa majina. Sampuli ileile ya shavu iliyokwenda maabara kwa ajili ya figo ingeweza kupimwa kundi la damu katika safari hiyohiyo. Kwa jamii kama hii nalihesabu kuwa kipimo cha lazima kwa jike na dume kabla ya kupandisha. Na si kwa ajili ya vitoto pekee: Lulu akiumia kesho na kupewa damu ya paka wa mtaani bila kupimwa, damu hiyo inaweza kumuua mara ya kwanza tu.

Upande wa dume ulitunyima taarifa. Tulipomweleza mwenye Sultani, alisema jike mwingine aliyepandishwa naye aliwahi kupoteza vitoto vitatu siku ya pili, na hakutaja kwa sababu “vitoto vya paka hufa, ni kawaida.” Simhukumu kwa nia mbaya. Lakini neno hilo, ni kawaida, limefunika vifo vingi ambavyo vina sababu. Vitoto vinavyofifia kwa baridi, kwa maambukizi au kwa kasoro ya kuzaliwa vipo; vinavyozaliwa vizito, vikanyonya vizuri, kisha vikafa na mkojo wa hudhurungi ndani ya siku tatu, hivyo vinakuambia kitu mahususi.

Kilichofaulu kuliko vyote ni daftari. Kama binti angeandika uzito wa kuzaliwa tu, tungebaki na picha ya vitoto vitano, viwili vimekufa, na kila mtu na dhana yake. Aliandika nani alinyonya, saa ngapi, na nani alikuwa kwenye kiboksi. Daktari aliniambia alipoligeuza daftari lile alikuwa na jibu kabla ya kukigusa kigae.

Kupima kitovu kulikuwa bora kuliko kuvitenga vyote, na ningelichagua tena. Chausiku sina uhakika naye. Alimpa kitoto kimoja kinga kidogo, akakataa kingine, na alileta harufu iliyotugharimu usiku mzima. Kwa nyumba isiyo na bibi mwenye subira, maziwa ya unga kwa siku moja yangetosha. Zamu ya usiku ingepaswa kuanza siku ya 61, si ya 64. Tulinusurika kwa tone lililobaki laini.

Lulu amefungwa kizazi. Nyeupe alikwenda kwa familia iliyosaini kwamba atafungwa naye, na kwenye karatasi yake binti ameandika kwa kalamu nyekundu: kundi la damu, B. Manjano alichukuliwa na mwalimu mmoja aliyempenda kwa ajili ya mkia wake mfupi. Bluu hakwenda popote. Analala chumbani kwa bibi, kwenye kiboksi cha viatu ambacho hakimtoshi tena.